Kipande cha kurefusha madigadi ya mbele ya pikipiki: kimo, malighafi na namna ya kukifunga kisije kikamezwa na tairi

Kasia_Mza (mwanzisha uzi)

Wakuu, wangaluka.

Vuli imeshaanza kutupiga, na kila jioni pale Buzuruga, hapa Mwanza, naona hali ile ile: mbele ya injini pamejaa matope makavu, mapezi ya silinda yamezibwa, honi inakoroma badala ya kulia. Wengi wameanza kufunga kipande cha kurefusha madigadi ya mbele, na ni jambo jema kabisa. Kinachonitia hofu ni jinsi vinavyofungwa. Vingine vimeshikwa kwa waya wa kufungia nondo, vingine kwa gundi peke yake, vingine ni mpira mwembamba unaopepea pikipiki ikichanganya. Kipande hiki kinakaa upana wa kidole tu kutoka kwenye tairi la mbele, na tairi hilo likisimama ghafla wewe na abiria wako mnaruka juu ya usukani. Kwa hiyo naomba tukijadili kwa uzito ule ule tunaojadili breki.

Nianze na kazi yake. Gurudumu likiwa linakwenda, upande wake wa nyuma, ule unaotazama injini, unapanda juu muda wote. Maji yaliyoshikwa na tairi barabarani yanapanda nalo, kisha yanaachia na kuruka kuelekea kule tairi lilikokuwa linaelekea wakati huo. Yakiachia mapema, karibu na lami, yanaruka nyuma chini chini na kupiga kitako cha injini. Yakipanda zaidi ndipo yaachie, yanarushwa juu kwa mwinamo mkali, na hayo ndiyo yanayofika kwenye silinda, kifuniko cha plagi, honi na magoti ya dereva. Madigadi nyingi huku kwetu zinaishia karibu na usawa wa ekseli. Chochote kinachoachia chini ya hapo hakina wa kukizuia. Ukishusha ncha, unakata kwanza yale yanayoruka juu zaidi, na kila sentimita unayoongeza inashusha mahali panapofikiwa na matope. Hutayazuia yote. Yatakayobaki yatapiga chini ya injini, ambako hayana madhara makubwa.

Silinda ndiyo ya kulindwa kwa sababu pikipiki zetu za biashara, Boxer, TVS HLX na nyinginezo, zinapozwa kwa upepo. Hakuna rejeta. Joto linatoka kupitia yale mapezi, na mapezi yanahitaji upepo upite katikati yake. Udongo ukikauka humo unakuwa blanketi. Sasa chukua pikipiki ya namna hiyo, weka abiria wawili na ndoo ya samaki, panda nayo Isamilo kwa gia ya kwanza saa nane mchana. Oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na injini inakula vyuma vyake yenyewe bila kukupigia kelele. Tena matope yetu yana changarawe ya mawe ya milimani. Mvua ikinyesha inashuka mpaka Mabatini na Mlango Mmoja, inatandazwa juu ya lami, na ile changarawe inachubua rangi ya chesisi mbele ya injini mpaka kutu inaanza.

Kuhusu kimo. Tairi la mbele la Boxer 150 ni 2.75-17, kwa hiyo kutoka katikati ya ekseli mpaka ardhini ni kama sentimita 28. Kwa anayetembea lami na barabara za mtaani, mimi nasema ncha ishuke mpaka ibaki sentimita 13 hadi 15 kutoka ardhini. Hapo silinda kwa sehemu kubwa imepona. Ukishuka zaidi ya hapo faida inapungua na hatari inaongezeka, maana ukishuka kwenye ukingo wa lami mrefu ncha inagonga. Na ukiirudisha pikipiki kinyumenyume ni mbaya zaidi: ukingo unaisukuma ncha iingie kwenye tairi.

Nafasi kati ya kipande na tairi isipungue upana wa kidole gumba. Pima na tairi likiwa limejazwa upepo, na zungusha gurudumu zima, kwa sababu rimu zetu nyingi zimepinda. Aliyebadilisha tairi la mbele akaweka nene zaidi apime upya.

Na hili naona wengi hawalifanyi. Madigadi ya chini, ile inayolalia karibu na tairi, imefungwa kwenye miguu ya chini ya shokapu, kwa hiyo inapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Umbali wa kipande na tairi haubadiliki, wala umbali wake na ardhi. Kinachobadilika ni umbali wake na injini, hasa bomba la ekzosi pale linapotokea kwenye silinda. Ukimaliza kufunga, simamisha pikipiki kwenye magurudumu yote mawili, shika breki ya mbele, ibonyeze mbele kwa nguvu mpaka shokapu zizame, na mwenzio atazame pembeni. Ukiwa umebonyeza, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Usiridhike na kuona hakigusi. Kitenganishe na ekzosi kwa vidole viwili, kwani plastiki inalainika kabla haijaligusa bomba.

Naomba mafundi waongezee kuhusu malighafi.

---

Kijiwe_Nyegezi

Mkuu shukrani, somo zuri. Swali: kwa nini unaikataa gundi? Nimeona video za wenzetu wa Ulaya, wanapaka gundi tu, wanabana usiku mmoja, asubuhi wanaondoka. Kutoboa madigadi mimi kunaniuma, nikija kuuza pikipiki mteja ataona matundu.

---

Kasia_Mza

Mkuu, wale wanatumia kipande kilichofinyangwa kiwandani kufuata umbo la madigadi ya pikipiki hiyo hiyo. Kuna kampuni ya Uingereza, Pyramid Plastics, inavitengeneza kwa jina la Fenda Extenda, kila modeli na chake. Kikikaa kwenye madigadi kinalingana kila mahali, kwa hiyo gundi inashika eneo lote. Chetu cha kukata kwa mkono kinagusa hapa, kinaachia pale, na gundi inabeba mzigo kwenye vidoti.

La pili ni aina ya plastiki. Geuza madigadi yako utazame kwa ndani, mara nyingi kuna herufi ndogo zimegongwa. Ukikuta ABS, gundi nzuri itashika ukisugua kwa msasa na kufuta kwa spiriti. Ukikuta PP, gundi nyingi za dukani hazishiki. Utaona imekauka vizuri, kisha siku ya jua kali inabanduka yote kama ganda. Plastiki ya madumu ya mafuta ya kula nayo ndivyo ilivyo.

Hata kwenye ABS mimi ningeongeza bolti mbili za tahadhari. Matundu mawili madogo kwenye ncha ya madigadi hayampunguzii mteja hamu. Injini iliyochoka ndiyo inayompunguzia.

---

Fundi_Igoma

Nimeombwa niseme, nitasema ninachokifanya kibandani.

Malighafi yangu ya kwanza ni bomba la PVC la inchi nne, lile la maji machafu. Nalipasua kwa urefu, nakata kipande kirefu kidogo kuliko kinachotakiwa. Kisha natumbukiza kwenye maji yanayokaribia kuchemka. PVC inalegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kwa hiyo sufuria na jiko la mkaa vinatosha. Ikishalegea naifunika juu ya madigadi yenyewe, kwa nje, naibana kwa vitambaa na kamba ya mpira, namwagia maji baridi. Inakuwa imechukua umbo lile lile. Hakuna haja ya kuichoma motoni, na nawaomba vijana mnaojifunza msifanye hivyo: PVC ikiungua inatoa moshi wenye tindikali, inakereketa macho na kifua. Nimeona mafundi wanaichoma kwa tochi ya gesi ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mapafu hayana spea.

Kwa nini kwa nje? Kwa sababu kwa ndani unakula ile nafasi ya tairi ambayo mwanzisha uzi ameipigia kelele, naye yuko sahihi. Kikikaa nje kinajiongezea nafasi. Ubaya wake ni mmoja: ukingo wa chini wa madigadi unabaki ukitazama matope yanayopanda, yanajishindilia kwenye mshono. Dawa yake ni mstari wa silikoni kwenye ule mshono kwa ndani, unaulainisha kwa kidole chenye sabuni.

Kipande na madigadi vilaliane sentimita 5 au zaidi. Bolti nne, mbili juu mbili chini. Tatu zinatosha kwa madigadi nyembamba, ila zisipangwe mstari mmoja. Natumia bolti za milimita 5, zenye kichwa bapa cha mviringo. Sasa sikilizeni hapa: KICHWA NDANI, NATI NJE. Mafundi wengi wanaingiza bolti kutoka nje kwa sababu ni rahisi kwa mkono, mkia unabaki ndani ukiitazama tairi. Siku tope likijaa au rimu ikiyumba, ule mkia unalima tairi. Kichwa bapa hakina cha kulima.

Tundu liwe kubwa kuliko bolti kidogo, milimita 6 kwa bolti ya 5. Plastiki inatanuka na jua la hapa, ikibanwa haina pa kwenda, inapasuka kutokea kwenye tundu. Weka washa pana kila upande, na chini ya washa kipande cha mpira wa tyubu. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, hazilegei kwa mtetemo. Kaza mpaka mpira uanze kubonyea, acha hapo. Atakayekaza kwa hasira kama anakaza nati za gurudumu la lori atasikia mlio.

Madigadi yenye ufa usiitundike kitu kabla hujautuliza ufa. Toboa kitundu kidogo pale pale unapoishia, usiende mbele tena, ndipo uendelee.

---

Mbuga_Nyeusi

Niwe mkweli ndugu zangu, uzi ni mzuri lakini ni wa watu wa lami. Mimi nafanya kazi Misungwi mpaka Kwimba ndani ndani. Udongo wetu ni mbuga, ule mweusi. Ukinyeshewa, haurushwi na tairi. Unaganda. Unapanda na tairi tabaka juu ya tabaka mpaka unajaza nafasi yote chini ya madigadi, na gurudumu linasimama. Linasimama kweli, unasukuma pikipiki haiendi, unachokonoa kwa kijiti kila hatua kadhaa. Ukiniongezea kipande chenye nafasi ya kidole gumba, umenifungia breki. Vijana wa kwetu wanaifungua madigadi ya mbele wanaibeba mgongoni. Kwa hiyo msiandike kana kwamba ni dawa ya kila mtu.

---

Kasia_Mza

Mbuga_Nyeusi, umesema kweli tupu na nashukuru umeileta mapema. Kwenye mbuga mbichi hakuna kipande kinachofaa kwa madigadi ya chini. Kinachofaa ni madigadi ya juu, ile inayofungwa chini ya taa kama kwenye pikipiki za porini, yenye nafasi ya kupitisha ngumi. Yenyewe inaacha matope mengi yaruke, lakini gurudumu linazunguka, na kuzunguka ndiko kunakotangulia.

Ila wapo wengi walio katikati, wanaolala Usagara au Kisesa, wanafanya kazi mjini, na mara moja moja wanaingia mashambani. Hao ndio nawafikiria. Kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga, kipande hakina shida. Wakijua leo wanaingia mbugani, wakifungue kabla ya kuondoka kwenye lami.

Na hilo la kuifungua madigadi nzima ya mbele, angalieni kwanza ilivyofungwa. Kwenye pikipiki nyingi ile braketi ya chuma ya madigadi ndiyo inayounganisha miguu miwili ya shokapu. Ukiiondoa, kila mguu unajipinda kivyake na usukani unalegea. Mnaolazimika, ondoeni plastiki, braketi ibaki.

---

Kijiwe_Nyegezi

Basi kwa sisi wa katikati si tuweke zile nati zenye masikio, za kufungua kwa vidole? Dakika mbili kimetoka.

---

Fundi_Igoma

Hapana kijana wangu. Nati ya kufunguka kwa vidole inafunguka na kwa mtetemo. Barabara za mawe za milimani kule Mabatini zitakufungulia zenyewe kabla hujafika kilele. Weka nati ya nailoni, tembea na spana namba 8. Ile nailoni ikishafunguliwa mara nyingi inachoka, badilisha nati, ni pesa ndogo sana.

---

Mama_Dagaa

Habari zenu wanangu. Mimi si dereva, nina pikipiki yangu nimempa kijana, asubuhi ananitoa mwaloni Kirumba na mzigo, mchana anafanya abiria. Nimesoma yote. Nataka kujua mawili. Abiria wanalalamika kuchafuka mgongoni na nguo za kazini, je kipande hiki kitasaidia? Na je, nimwambie kijana akifunge mwenyewe au alipie fundi?

---

Kasia_Mza

Shikamoo mama. Cha mbele kinamsaidia zaidi dereva, miguu yake na magoti, na kidogo miguu ya abiria. Matope ya mgongoni yanatoka tairi la nyuma. Hayo dawa yake ni kipira cha nyuma, kile kinachoning'inia chini ya namba ya pikipiki. Mara nyingi kimekatika na hakuna aliyekirudisha. Mwambie kijana aanze na hicho, hakigharimu kitu, kipande cha tairi chakavu kinatosha.

Cha mbele alipie fundi, mama. Mkono wa kijana si mbaya, ila mtu wa pili anahitajika wa kutazama wakati wa kubonyeza shokapu, na drili anayo fundi. Wewe mwenyewe kikishafungwa, kishike ukitikise. Kikicheza, kirudi kibandani kabla pikipiki haijabeba mtu.

---

Mama_Dagaa

Marahaba mwanangu. Nimeelewa, nitakishika mwenyewe.

---

Njia_ya_Sengerema

Wakuu, mimi natembea sana upande wa Sengerema na Geita. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025 hatungojei kivuko tena, mtu unanyoosha lami moja kwa moja, kwa hiyo mwendo umeongezeka. Nataka niseme kuhusu mpira.

Mwenzangu mmoja alifungiwa kipande cha mpira wa tyubu ya gari, kirefu, chembamba, kimening'inia kama pazia. Mjini kilikuwa kizuri tu. Kwenye lami iliyonyooka upepo unakipiga kwa mbele. Gari kubwa lilipompita, kikakunjwa na kugusa tairi. Tairi likakivuta juu. Gurudumu lilikwama sekunde tu kisha mpira ukakatika, ndiyo pona yake. Alianguka pembeni kwenye majani, bega likateguka. Kama si kukatika kwa ule mpira tungekuwa tunazungumza mengine.

Kwa hiyo mwanzisha uzi usiishie kusema plastiki ni nzuri. Sema wazi kwamba mpira mwembamba ni marufuku.

---

Kasia_Mza

Pole sana kwake, na nasema wazi: mpira wa tyubu hapana, kwa urefu wowote, mbele. Sababu ni ile ile ya tairi kupanda. Kitu chochote kinacholigusa tairi kwa upande wa nyuma hakisukumwi nje, kinavutwa juu kuingia kati ya tairi na madigadi, mahali pembamba kuliko pote. Huko hakitoki.

Mpira unaofaa ni ubavu wa tairi la gari, ule wanaoutumia mafundi wa katambuga, viatu vya tairi. Una nyuzi ndani, ni mnene, na una mkunjo wake wa asili. Ukiukata ili ule mkunjo ufuate umbo la madigadi, upepo hauwezi kuukunja, maana kitu kilichopinda kwa upana hakikunjiki kirahisi kwa urefu. Nenda kwa fundi katambuga mwenye kisu kikali, akukatie, akupunguzie unene kwenye ukingo wa juu ili ulale vizuri chini ya bolti.

Mimi ninachokipenda kuliko vyote ni mchanganyiko. Juu PVC ya Fundi_Igoma, ngumu, inayoshika umbo. Chini, sentimita 4 au 5 za mwisho, ubavu wa tairi umefungwa kwa nje ya PVC. Ukigonga ukingo wa lami, mpira unapinda na kurudi, plastiki haivunjiki, na ule mpira ni mfupi mno kufika kwenye tairi hata ukikunjwa wote. Hilo la mwisho lipimeni kwa mkono kabla ya kuondoka: ukunjeni mpira kuelekea tairi. Ukifika, ukateni.

---

Guta_la_Mahina

Na sisi wa guta je? Tairi la mbele ni moja kama lenu, matope yanatufika miguuni yote.

---

Fundi_Igoma

Namna ni ile ile. Wewe jaribio la kubonyeza shokapu lifanye guta likiwa limeelekea mteremkoni na mzigo, au watu wawili walalie usukani, kwa sababu guta likifunga breki na mzigo linazamisha mbele zaidi. Na hakikisha kipande hakigusi waya wa breki ukikata kona mpaka mwisho.

---

Bwiru_Pwani

Mimi nilitumia bati la debe, nimekunja vizuri na kupaka rangi. Linakaa imara kuliko plastiki. Mbona hamjalitaja?

---

Fundi_Igoma

Bati kaka nalikataa kwa sababu tatu. Linapasuka kwenye bolti kwa mtetemo, taratibu, bila dalili, kisha linakatika lote siku moja. Likikatika halipindi, linachana tairi. Na ukianguka, lile kali la pembeni liko usawa wa mguu wako. Kama unalo tayari na huna namna kwa sasa, kunja kingo zote mara mbili na likague kila ukiosha. Ila lako la kudumu lisiwe hilo.

---

Bwiru_Pwani

Nimekuelewa mzee. Nalitoa wiki hii.

---

Kasia_Mza

Kwa kuwa kuosha kumetajwa, niongeze kidogo. Kabla ya kufunga kipande safisheni mapezi kwanza, la sivyo mnalinda matope ya zamani. Injini ipoe kabisa, msiimwagie silinda ya moto maji baridi. Lowesha udongo, acha ulainike, sugua kwa mswaki mkukuu katikati ya kila pezi, kisha suuza kwa maji ya taratibu. Msielekeze mashine ya presha kwenye kifuniko cha plagi wala kwenye mipira ya shokapu.

Na tuoshee mbali na ziwa, wakuu. Kuna watu wanaingiza pikipiki majini kabisa mpaka ekseli, oili na grisi zinaelea pale pale mama zetu wanapochota maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni wa kulindwa, na ziwa hili ndilo tunalokunywa. Ndoo mbili za maji nyumbani zinatosha kuosha mapezi.

---

Mbuga_Nyeusi

Hapo kwenye ziwa niko na wewe. Swali langu la mwisho: mkiwa mnatoka lami kuingia mbuga, kipande kikishafunguliwa, yale matundu manne kwenye madigadi yanabaki wazi. Si maji yanarukia humo humo?

---

Fundi_Igoma

Yanarukia kidogo, hayana madhara. Ila rudisha bolti kwenye matundu bila kipande, na washa zake, usizitie mfukoni. Kwanza hazipotei, pili plastiki inabaki imebanwa, haianzi kupasuka kwenye tundu tupu.

---

Kijiwe_Nyegezi

Wakuu, mrejesho. Nimeangalia kwa ndani kama mlivyosema, yangu imegongwa PP, kwa hiyo gundi nimeachana nayo. Nimenunua bolti za milimita 5 na nati za nailoni, bomba nimepata kipande kwa fundi bomba jirani. Fundi_Igoma, naweza kukuletea picha ya madigadi unikatie kipande kabisa, nije kukichukua tu?

---

Fundi_Igoma

Picha haina umbo, kijana. Njoo na pikipiki yenyewe, asubuhi, ikiwa imeoshwa na tairi limejaa upepo. Na uje na mwenzako wa kubonyeza shokapu.